Jina Lililobaki Darasani

Hapa Fresno kuna mtu ambaye ukimwita kwa jina lake la ujana mbele ya mkewe, mkewe atakukata jicho mpaka chai ikupoe mkononi. Jina lenyewe ni fupi: Lue. Alipewa siku ya tatu baada ya kuzaliwa, akakaa nalo miaka ishirini na miwili. Kisha akaoa, akapata binti, Sheng, na wakwe zake wakamfanyia kile ambacho Wahmong, watu wa asili ya milima ya Asia, humfanyia mwanamume aliyekwisha kuwa baba. Wakachinja nguruwe, wakaita wazee wa ukoo wao wa Thao, wakamfunga nyuzi nyeupe kwenye vifundo vya mikono hata ikaonekana kama imefungwa bandeji, wakampa jina la utu uzima. Tangu siku ile anaitwa Nhia Lue. Hiyo Nhia ni fedha, ile ya mikufu ya harusi. Shemeji yake mmoja alimwambia pale pale mezani kwamba fedha ya jina amepewa, ya mkufu akajitafutie. Na kila aliyejisahau akamwita Lue alimiminiwa bia nyingine kama adhabu, kwa hiyo ilipofika jioni wengi walikuwa wanajisahau makusudi.

Mwaka uliofuata akaapishwa kuwa raia wa Marekani, na katika fomu za uraia kulikuwa na nafasi ya mtu anayetaka kubadili jina. Akaandika Nhia Lue Moua. Basi Lue Moua mtupu akaisha kwa mila, akaisha na kwa serikali pia. Yeye mwenyewe aliamini hivyo, na hapo ndipo hadithi yake ilipokwama.

Alipata kazi ya ukalimani mahakamani. Mkalimani, kama hujawahi kumwona, hukaa nyuma ya mshtakiwa na kipaza sauti kidogo, hakimu akisema kitu yeye anakigeuza Kihmong, mshtakiwa akijibu anakirudisha Kiingereza. Haruhusiwi kuongeza lake. Hata chumvi haruhusiwi kutia.

Siku moja akaletwa mzee mmoja, Ying Her, amekamatwa anawinda kindi mahali pasiporuhusiwa. Hakimu alikuwa mtu mpole tu. Akamuuliza mzee kama anaelewa kwamba akikubali kosa leo hatapata tena kesi ya kusikilizwa. Sasa Wahmong wana neno la kuitikia ambalo limekaa vilevile kama naam yetu. Mtu akikuita, naam. Mtu akikueleza jambo refu nawe unamsikiliza kwa adabu, naam, naam. Mzee Ying akasema hiyo naam yake, maana mkubwa alikuwa anaongea naye. Nhia Lue akageuza kwenye kipaza sauti: ndiyo. Hakimu akauliza tena, naam, ndiyo, naam, ndiyo, dakika kumi shughuli imekwisha. Bunduki ikachukuliwa na leseni ya uwindaji ikafutwa.

Kwenye ukumbi nje, mzee akamshika mkono kijana wa watu akamuuliza, "Kesho nije saa ngapi, nikaseme ya kwangu?"

Nhia Lue alinisimulia hilo si chini ya mara sita, na kila mara akifika hapo alikuwa anatazama chini. Alisema alitamani ardhi impasukie. Wakili aliyekuwa anamtetea mzee siku hiyo, Bi. Treviño, alimfundisha baadaye kwamba mkalimani anaruhusiwa kumwomba hakimu arudie swali, kama hakuna uhakika. Kurudia tu. Zaidi ya hapo ni kazi ya wakili. Nhia Lue akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba yeye sasa anataka kuwa huyo wa zaidi ya hapo.

Mkewe anaitwa Kazoua. Ni mwanamke wa maneno machache, fundi wa kufunga mafungu ya mchaichai wanayouza sokoni mpaka unaweza kuyapima kwa rula ukakuta yote sawa. Alimuuliza itachukua muda gani. Mume akapiga hesabu ya kusoma huku anafanya kazi: chuo cha jamii, kile cha miaka miwili kisichomfukuza mtu mlangoni, kutoka pale kuhamia chuo kikuu, kisha shule ya sheria. Kazoua akasema sawa.

Ile miaka miwili ya chuo cha jamii ikawa minne. Alisomea mji mdogo wa kusini, kule kwenye mashamba ya zabibu, kwa sababu masomo yao ya jioni yaliendana na saa za mahakama. Akahamia chuo kikuu, miaka mitatu. Jumla saba. Kazoua alizoea kusema, "Mwenzangu nakula na mgongo wake," kwa kuwa mume alikuwa anakula ameelekea kwenye kompyuta. Lakini wastani aliopata, nakwambia, ulikuwa wa kumtia mtu kiburi: tatu nukta tisa, katika nne. Mtihani wa kuingilia shule za sheria akaufanya mara mbili, mara ya pili ukakaa vizuri. Bi. Treviño alisema kwa wastani ule na mtihani ule, ile shule ya sheria ya kaskazini, mwendo wa saa tatu kwa gari, ingempokea kwa mikono miwili. Mwaka huo Nhia Lue alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Maombi ya shule za sheria huku hayapelekwi shule kwa shule. Iko ofisi moja, mbali huko mashariki, inayokusanya matokeo yako yote, inayajumlisha kwa njia yake, halafu ndiyo inayoyasambaza. Nhia Lue alikaa mezani Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, akaanza kujaza. Fomu ikamuuliza, umewahi kutumia jina jingine? Akatabasamu. Swali lililofuata likamtaka ataje kila chuo alichowahi kujiandikisha tangu amalize sekondari, hata kama alikaa siku moja.

Hapo tabasamu likakatika. Akakumbuka kwamba kuna chuo kingine.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Nhia Lue, wakati ule bado Lue, alimaliza sekondari akiwa na miaka kumi na tisa, kwa kuwa alikuja Marekani akiwa kijana mkubwa. Septemba hiyo akajiandikisha chuo cha jamii cha hapa mjini, masomo manne. Akahudhuria wiki tano. Wiki ya sita baba yake akaanguka shambani, katikati ya matuta ya karela, hakuamka. Msiba wa Kihmong si wa kuzika asubuhi ukala mchana. Ni siku nne za ngoma na filimbi ya mianzi, usiku na mchana, na mtoto mkubwa wa kiume hupiga magoti mbele ya kila aliyekuja kuaga. Lue alipiga magoti siku nne. Baada ya msiba shamba lilikuwa linasubiri, ekari nane za kukodi upande wa Sanger, pilipili zimeiva, maharage marefu yanakomaa kupita kiasi, na mama yake hajui kuendesha lori. Hakurudi darasani.

Na hakumwambia mtu. Si kwa uzembe. Kule alikokulia, kwenye makazi ya wakimbizi Thailand kando ya hekalu, maisha yote yalikuwa orodha. Ofisa anasoma majina. Ukiwepo unaitika naam, unapata mchele. Usipokuwepo anasoma mara ya pili. Usipoitika mara ya pili anakata jina kwa kalamu, basi, humo tena. Mjomba wake alikwenda kutafuta kuni siku waliposoma majina ya safari, wakamsoma mara mbili, wakamkata. Mpaka leo yuko Thailand. Kwa hiyo Lue alijua bila kuambiwa kwamba chuoni watakuwa wamemsoma mara mbili, kisha wakamkata. Iliwahi hata kumuuma, kwamba amekatwa. Alipokwenda kuanza upya kwenye kile chuo cha kusini, na baadaye chuo kikuu, fomu zilipouliza kama amesoma kwingine alijibu hapana. Na alimaanisha alichosema.

Sasa akaona njia ya uungwana ni kwenda pale chuoni kuomba karatasi ya kuthibitisha kwamba jina lake halimo. Akaenda Jumatatu na cheti cha uraia kinachoonyesha majina yote mawili. Kwenye dirisha la kumbukumbu alikuwepo mama mmoja wa Kiarmenia, Bi. Avakian, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Akaandika jina kwenye kompyuta, akasubiri, akasema yumo.

"Nilifutwa," Nhia Lue akasema.

"Nani alikufuta?"

"Nyinyi. Niliacha kuja."

Bi. Avakian akavaa miwani amtazame vizuri. "Mwanangu, ukiacha kuja sisi hatukufuti. Tunakusubiri mpaka mwisho wa muhula, halafu tunakupa F."

Akachapa karatasi, akaipitisha chini ya kioo. Lue Moua. Hisabati, F. Kiingereza, F. Historia, F. Biolojia, F. Kwa miaka kumi na minne zilikuwa zimekaa pale zinamngoja, na jina juu yake limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi.

Alimweleza yule mama habari ya msiba. Bi. Avakian alikuwa mtu mwema, akatoka nyuma ya dirisha, wakakaa kwenye viti vya wageni. Akasema wakati ule angekuja na cheti cha kifo wangemwondoa kwenye masomo bila alama, ila muda wa kuomba hivyo ulikwisha zamani. Kilichobaki ni kusamehewa: chuo kinaweza kuzisamehe hizo F zisihesabiwe tena kwenye wastani wao. Akamjazia fomu kwa mkono wake mwenyewe. Wiki tatu baadaye msamaha ukaja, kila F imewekewa nyota pembeni.

Nhia Lue akapiga simu ile ofisi ya mashariki kuuliza kuhusu zile nyota. Akajibiwa na kijana mwenye sauti nzuri kwamba alama yoyote inayosomeka kwenye karatasi inahesabiwa, iwe na nyota, isiwe nayo. "Sisi hatusamehe wala hatuhukumu," yule kijana akasema. "Tunajumlisha tu." Nhia Lue akajumlisha mwenyewe nyuma ya bahasha. Tatu nukta tisa ikawa tatu nukta nne.

Sasa msikilizaji wangu unaona alipokuwa amesimama. Kile chuo kilikuwa na Lue Moua. Vyuo vingine vyote vilikuwa na Nhia Lue Moua. Akijibu kwamba hajawahi kuwa na jina jingine, na kile chuo asikitaje, nani mashariki kule angewaunganisha wawili hao? Wamoua ni wengi kama mchele, na kina Lue hawana idadi.

Jumapili wakaenda kula kwa wakwe. Kulikuwa na kuku wa kuchemsha na majani yake, wali wa kunata, pilipili ya kutwanga. Mama yake Nhia Lue alikuwepo pia, maana anaishi naye. Amekaa pembeni anamenyea wajukuu machungwa. Nhia Lue akaeleza mambo yote, maana kwao jambo la namna hii halimezwi na mtu mmoja. Mkwewe, mzee Chue Neng, aliyelichagua lile jina la utu uzima baada ya kulitafakari siku tatu, alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mfupa wa kuku. Akasema haoni ugumu ulipo. Kijana aliyepata F ni mwingine. Yule alikuwa mtoto, huyu ni mtu mzima. Na akaongeza, kwa fahari kidogo, "Lue sisi tulimmaliza hapahapa, kwa nguruwe mzima."

Watu wakacheka. Kazoua naye akacheka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ile karatasi iingie nyumbani. Mashemeji wakaanza kumtania Nhia Lue kwamba ataweza kuwa wakili kweli, mtu anayetafuta ushahidi wa kujifunga mwenyewe.

Mama yake akaweka chini kisu cha machungwa. Ni mama ambaye haongei kwenye nyumba ya wakwe, si desturi. Akasema bila kumtazama mtu, "Huyo mnayemmaliza ndiye aliyemzika mume wangu."

Mzee Chue Neng akaurudisha mfupa kwenye sahani, akauliza kama chai iko tayari.

Kwenye gari, walipoingia barabara kuu, Kazoua aligeuka akahakikisha mama mkwe na mtoto wamelala kiti cha nyuma. Kisha akasema maneno mengi kuliko kawaida yake. Akasema yeye mama mkwe wake anamheshimu, lakini mama mkwe hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anakumbuka tu. Kukumbuka si lazima kuandikwe kwenye fomu. Akasema yeye ameufahamu mgongo wa mumewe kuliko uso wake. Akasema hakuna mtu aliyeibiwa, hakuna aliyeumizwa, ni F nne za mtoto aliyekuwa na msiba. "Nyamaza tu, Baba Sheng," akamwambia. "Mara moja hii. Nyamaza."

Siku iliyofuata Nhia Lue akamngoja Bi. Treviño ukumbini wakati wa mapumziko. Yule wakili alikuwa anakula mkate wa maharage amesimama. Akamsikiliza, akatafuna, akameza. Akamwambia kwamba siku atakayoomba leseni ya uwakili, watu watakaa kuchunguza maisha yake, watachukua alama zake za vidole, watataka kila jina na kila anwani, na watalinganisha na alichoandika leo. F hazijamnyima mtu leseni. Kuzificha kumewanyima wengi. "Kuingia sheria kwa mlango wa uongo, halafu umwambie mteja wako aseme kweli?" akauliza. Na akamkumbusha jambo ambalo Nhia Lue alikuwa amelikwepa kichwani: chuo kikuu nacho aliwajibu hapana, kwa hiyo inabidi awaambie wao kwanza.

"Nilidhani nimekatwa," Nhia Lue akasema.

"Najua. Liandike hivyohivyo. Machozi yaache, tarehe zibaki."

Akaandika ukurasa mmoja. Ulimchukua wiki mbili. Akaeleza habari ya ofisa, orodha, kusomwa mara mbili, mjomba aliyekwenda kutafuta kuni. Akaeleza baba yake na karela. Akaeleza majina mawili na kwa nini ni mtu mmoja. Jioni alipomaliza, kabla hajautuma, alimsomea Kazoua Kihmong, sentensi kwa sentensi, kama anavyofanya mahakamani, bila kuongeza lake. Kazoua alikuwa anakunja nguo. Alipofika mwisho, Kazoua akasema, "Basi tuma. Ila usiniombe nifurahi."

Chuo kikuu kikamjibu baada ya mwezi. Shahada yake wakaiacha kama ilivyo, lakini wakaweka maelezo katika jalada lake kwamba mwanafunzi hakutaja chuo cha awali, na maelezo hayo yakasafiri pamoja na matokeo yake kwenda mashariki. Kwa hiyo pale ambapo kulikuwa na doa moja yakawa mawili. Aliomba shule tatu.

Januari ya bonde hili letu huijui mpaka ukae. Ukungu unashuka ukalala chini, magari yanakwenda kwa kunusa, jua hulioni wiki nzima. Shule ya kwanza ikajibu katika ukungu huo: hapana. Ya pili ilijibu Machi, miti ya lozi ikiwa imechanua, hapana pia, ingawa mtu fulani huko aliongeza kwa mkono mstari mmoja kwamba ukurasa wake ulisomwa na watu wote ofisini. Nhia Lue alimwonyesha Kazoua mstari ule. Kazoua akauliza kama mstari una kiti darasani.

Ya tatu ilikuwa ile ya kaskazini. Hiyo haikusema hapana. Ilisema amewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Mtu mwingine akijitoa, watampigia, naye atakuwa na saa arobaini na nane za kuitika.

Sijui kama walioandika barua ile walijua wanaongea na nani. Nilimwona kipindi hicho pale sokoni, meza yake ya mboga inatazamana na yangu kila Jumamosi, na sikuwahi kuona mtu anayeshikilia simu vile. Alikuwa anauza pilipili kwa mkono mmoja. Akienda chooni anamwachia simu binti yake Sheng, amemfundisha maneno ya kusema kwa Kiingereza safi: huyu hapa, anakuja, tafadhali usikate. Juni familia nzima ilikwenda ziwani milimani, yeye akabaki, kwa kuwa mtandao unakatika kule. Julai shemeji yake alioa Sacramento. Alikwenda, lakini wakati wa kufunga nyuzi alikuwa nje kwenye maegesho ananyanyua simu juu kutafuta mawimbi. Mkwewe alimwambia kwa upole aingie, simu italia tu ikitaka. Nhia Lue akamjibu kwamba wakisoma jina mara mbili na asiwepo, wanakata.

Mzee Chue Neng, ambaye naye aliwahi kukaa kwenye orodha zilezile, hakubishana. Alisimama naye pale kwenye lami ya moto mpaka wimbo uliokuwa unasikika ukumbini ukaisha.

Simu haikulia. Wiki ya pili ya Agosti ikaja barua pepe, mistari mitatu: darasa limejaa, orodha imefungwa, wanamshukuru. Haikuwa kosa la mtu. Juu kabisa wameandika: Bwana Nhia Lue Moua, aliyejulikana awali kama Lue Moua. Kompyuta iliyokusanya majina yake ilikuwa imejifunza vizuri.

Aliisoma akiwa jikoni. Kazoua alikuwa anaosha mchele. Akamsomea. Kazoua akaendelea kuosha, akamwaga maji, akatia mengine, akamwaga tena, maji tayari yametoka safi. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umepata ulichokitaka, Lue."

Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kumwita hivyo. Na hajamwita tena tangu hapo; akisikia mwingine anamwita, ndiyo hivyo nilivyokwambia mwanzoni, jicho. Usiku ule ulipita. Wali ulipikwa, watu wakala. Lakini Nhia Lue ananiambia lilimwingia kuliko zile F zote nne, maana mama yake alikuwa chumba cha pili, akasikia jina, akaja mlangoni anauliza nani anamwita mwanangu.

Bi. Treviño alimtaka aombe tena mwaka ujao. Akamwambia F zinachakaa, kadiri anavyozidi kufanya kazi ndivyo zinavyoonekana ndogo. Nhia Lue akamuuliza wastani nao utachakaa? Wakili akakubali kwamba huo utabaki tatu nukta nne, hata aishi miaka mia. Fomu za mwaka huu zilifunguliwa Septemba. Anasema atazitazama. Kompyuta iko mezani, na siku hizi Kazoua anamwona uso akila, ila uso wenyewe haupo pale.

Wiki iliyopita alikuwa kazini. Aliletwa bibi mmoja wa ukoo wa Lor, mfupi, amevaa koti la mwanawe. Alikuwa na wakili kijana, mgeni hapa, mwenye majalada kumi na mawili ya asubuhi ile peke yake. Hakimu akamuuliza bibi kama anaelewa kwamba akikubali leo hakutakuwa na kesi. Bibi akaitika kwa adabu, kichwa kimeinama kidogo.

Nhia Lue hakugeuza. Akasimama, akasema, "Mkalimani anaomba swali lirudiwe."

Hakimu akamtazama, akalirudia polepole, kila neno peke yake. Nhia Lue akaligeuza polepole vilevile, kwa Kihmong cha wazi kuliko vyote alivyo navyo. Akamtazama yule wakili kijana. Wakili alikuwa anatafuta karatasi kwenye jalada linalofuata. Bibi akainua uso, akafurahi kuona mtu wa kwao anayeongea vizuri namna ile, akamwitikia yeye.

"Naam," akasema.

Nhia Lue akakisogeza kipaza sauti. "Ndiyo," akasema, akakaa.